Mafunzo ya usalama kazini, kwa kutumia kompyuta, kwa walezi waliosoma kidogo wanaotunza wazee: mwongozo kamili

Zamu moja ya mlezi wa wazee ina hatari nyingi. Mtu mzima wa kilo sitini anatakiwa kuinuliwa kitandani, sakafu ya bafuni ina sabuni, kuna sindano iliyotumika, kidonda kinachotoa maji, dawa ya choo yenye harufu kali na mtungi wa gesi jikoni. Hatari hizi zinafundishika. Tatizo ni kwamba mafunzo mengi huandikwa kwa ajili ya waliomaliza kidato cha nne. Mlezi aliyeishia darasa la tatu akiwekwa mbele ya mafunzo hayo, kinachopimwa ni kusoma kwake, na usalama wake unabaki palepale.

Kompyuta inaweza kuondoa kikwazo hicho. Inasema, inaonyesha, inarudia jambo mara kumi bila kununa, na haimuaibishi mtu mbele ya wenzake. Ikiandaliwa vibaya, huleta kikwazo cha pili, nacho ni mausi na maandishi madogo kwenye kioo. Mwongozo huu ni kwa wanaosimamia nyumba za wazee, iwe Sebleni na Welezo kwa Unguja au Limbani kule Wete, Pemba, na kwa yeyote anayeajiri walezi wa majumbani. Unahitaji laptopu moja, simu yenye kamera nzuri, na wiki tatu hivi za maandalizi. Intaneti si lazima.

Anza na nyumba yenyewe

Kabla ya kuwasha mashine, fuatana na walezi zamu nzima ya asubuhi na zamu nzima ya usiku, daftari mkononi. Andika kila mahali wanapoinama, wanapobeba, wanaposhika damu au kinyesi, wanapochanganya dawa, wanapopita palipolowa. Usiulize "hatari zenu ni zipi", maana utajibiwa kwamba hakuna tabu. Uliza mambo yanayoshikika: nani aliumwa kiuno mwezi huu, mzee gani alianguka na ilikuwa wapi, klorini inawekwa kwenye chupa gani, sindano ikishatumika inatupwa wapi.

Kutokana na orodha hiyo chagua masomo sita, au saba yakizidi sana. Kwa nyumba nyingi yatakuwa kuinua na kugeuza mzee, sakafu na maanguko, klorini, damu na sindano, moto na gesi, na mzee anayepaliwa na chakula. Kila somo liandikiwe tendo moja linaloonekana kwa macho. "Kujua umuhimu wa usafi" si tendo. "Anapima klorini na maji kwa kopo lile lile, bila kukisia" ni tendo, kwa sababu unaweza kusimama pembeni ukaliona likifanywa au likikosewa.

Wajue wanaojifunza

Zungumza na kila mmoja peke yake, dakika tano tu, mahali pa faragha. Mwonyeshe kadi tatu: neno MOTO, sentensi fupi, na tarakimu 1, 6 na 10. Usiite jambo hilo mtihani. Utapata makundi matatu: wanaosoma vizuri, wanaosoma neno mojamoja, na wasiosoma kabisa herufi za Kirumi. Somo liandaliwe kwa kundi la tatu, na wale wa kwanza hawatapoteza kitu.

Kuna mambo mawili yanayosahaulika mara nyingi. La kwanza ni macho. Baada ya miaka arobaini wengi hupoteza uoni wa karibu, na mtu anayeisogeza kadi mbali na uso anasumbuliwa na macho, pengine kusoma anajua. Miwani ya kusomea ya kati ya +1.50 na +2.50 hutatua hali hiyo kwa wengi, kwa hiyo wapelekwe kupimwa macho kwanza. La pili ni chuo, yaani madrasa ya Kurani. Walezi wengi wa makamo ambao hawakukaa skuli walihitimu chuoni na wanasoma herufi za Kiarabu kwa ufasaha. Jicho lao limezoea kuanza kulia kwenda kushoto. Ukipanga picha tatu za hatua kwa mstari mmoja, mwingine ataanza na picha ya mwisho na atafuata hatua kinyume, bila kosa lake. Kwa hiyo picha za hatua zipangwe kutoka juu kwenda chini, au moja kwa kila slaidi.

Uliza pia kama anatumia WhatsApp. Anayesikiliza ujumbe wa sauti tayari anaijua alama ya pembetatu ya kuchezesha sauti. Tumia alama hiyohiyo, usibuni mpya.

Vifaa

Laptopu inafaa kuliko kompyuta ya mezani kwa sababu ina betri, na umeme wetu unafika kwa nyaya zilizopita chini ya bahari kutoka Tanzania Bara. Unguja iliwahi kukaa takriban miezi mitatu bila umeme wa gridi, kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, na kukatika kwa saa moja au mbili ni jambo la kawaida. Kama mna ya mezani tu, ongezeni UPS, yaani kifaa cha betri kinachoiweka mashine hai umeme ukikatika, la sivyo umeme ukikatika katikati ya somo mwanafunzi atadhani yeye ndiye aliyeiharibu mashine na hatagusa tena.

Nunueni mausi ya waya yenye ukubwa wa kujaa mkononi, hedifoni mbili, na kigawanyio cha sauti ili watu wawili wasikilize pamoja. Mashine ikae mezani, mbali na dirisha linaloelekea upepo wa bahari, kwani chumvi na unyevu hula soketi. Nakala za masomo ziwe kwenye flashi mbili, moja ikae nje ya jengo.

Andika somo moja kikamilifu: klorini

Tunachukua klorini kama mfano kwa sababu hapo ndipo hesabu, kusoma lebo na mazoea mabaya vinapokutana. Mlezi asiyepima hutumia pua: ikinuka sana, basi ni nzuri. Matokeo yake huwa mojawapo kati ya mawili. Dawa huwa nyepesi mno na haiui vijidudu, au huwa kali mno na inababua ngozi, inawasha macho na kula vyuma vya vitanda.

Hesabu aifanye mwandaaji, mlezi asipewe. Soma lebo ya chupa mnayonunua. Kama imeandikwa 3.5%, gawa 3.5 kwa nguvu unayoitaka, kisha toa moja. Kwa damu na maji ya mwili tunataka 0.5%, yaani 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1, unabaki na 6. Kopo moja la dawa, makopo sita ya maji. Kwa kufuta vitanda, meza na vishikio vya milango tunataka 0.1%. Njia rahisi ni kuchukua kopo moja la ule mchanganyiko wa kwanza na kuongeza makopo manne ya maji. Klorini ya unga ina nguvu tofauti kabisa na hesabu hii haiihusu. Na lebo ikiwa na asilimia nyingine, hesabu yote inabadilika.

Sasa ligeuze kuwa slaidi. Kila slaidi iwe na picha moja kubwa, sauti ya sekunde kumi na tano hadi thelathini, na jambo moja tu:

1. Picha ya chupa halisi mnayotumia na lile kopo lenu la kupimia, likiwa na utepe mwekundu. Sauti: "Hii ndiyo dawa yetu. Hili ndilo kopo letu. Kopo hili halinywewi maji."
2. Glovu na aproni. Mlango na madirisha yamefunguliwa.
3. Maji yanatiwa kwanza, sauti na mkono vinahesabu pamoja: kopo la kwanza, la pili, hadi la sita. Maji yawe baridi, kwa sababu ya moto hupoteza nguvu ya dawa.
4. Kopo moja la dawa linamiminwa taratibu. Maji yakitangulia, dawa kali hairuki usoni.
5. Damu sakafuni. Kwanza inafyonzwa kwa tambara, tambara linatupwa kwenye taka za hospitali. Uchafu ukibaki, unaimaliza nguvu klorini kabla haijafanya kazi.
6. Dawa inamwagwa, saa ya ukutani inaonyesha dakika kumi zikipita, kisha panafutwa.
7. Chupa ya soda iliyotiwa klorini, na juu yake alama kubwa ya kukataza. Nyumba yenye mzee aliyechanganyikiwa haiwezi kuwa na dawa ndani ya chupa ya kinywaji hata kwa dakika moja.
8. Klorini na dawa ya choo ya asidi vikiwa kando kwa kando, vimetenganishwa na ukuta mwekundu. Vikichanganywa hutoa gesi inayounguza mapafu. Slaidi hii irudiwe mara mbili ndani ya somo.
9. Ndoo inamwagwa mwisho wa siku. Mchanganyiko wa jana hautumiki leo.

Baada ya slaidi ya nne weka swali la kwanza, na baada ya ya nane la pili. Swali liwe la picha, si la maneno. Onyesha ndoo tatu: moja imetiwa makopo mawili ya maji, nyingine sita, nyingine ndoo nzima. Sauti inauliza, "Ipi ni ya kufutia damu?" Akigusa isiyo sahihi asipigiwe kengele ya kukosea. Sauti imweleze kilichotokea: "Maji ya ndoo hii ni mengi mno. Vijidudu vitabaki hai. Tuhesabu tena." Kisha slaidi imrudishe kwenye hesabu. Anayekosea na kuelezwa sababu huondoka na kitu. Anayeona alama nyekundu tu hujifunza kuogopa mashine.

Rangi peke yake isibebe maana, kwani wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani. Ongeza umbo: alama ya tiki kwa sahihi, mkono ulionyanyuliwa kwa simama. Alama ya X ijaribiwe kwanza, maana wengine huichukulia kuwa "weka alama hapa".

Sauti

Sauti ndiyo mwalimu, kwa hiyo ichaguliwe vizuri. Kwa Limbani tafuteni msomaji ambaye lafudhi yake ni ya Pemba, mtu mzima mwenye kuheshimika, awe mwanamke kama walezi wengi ni wanawake. Sauti ya kijana inayoamrisha "fanya hivi" mbele ya watu wa umri wa mama yake haisikilizwi. Maneno yawe ya wingi wa heshima: "tunaanza na glovu", "tunahesabu pamoja". Sentensi ziwe za maneno manane hadi kumi na mawili. Neno la kitaalamu lisilotamkwa nyumbani humo liondolewe. Usiseme "majimaji ya mwili yenye uwezekano wa kuambukiza", taja damu, usaha, mkojo na kinyesi. Kutaja wazi si utovu wa adabu hapa. Mwenye kuzunguka maneno ndiye anayemwacha mlezi akikisia.

Rekodini kwenye chumba chenye mapazia na godoro lililosimamishwa nyuma ya msomaji, feni imezimwa, mbali na saa za adhana. Simu iwe kiganja kimoja kutoka mdomoni. Programu ya bure ya Audacity inatosha kukata makosa. Hifadhi kwa MP3, mkondo mmoja (mono), kilobiti 64 kwa sekunde, na kila slaidi faili lake. Msiunganishe somo zima katika faili moja.

Kujenga somo kwenye PowerPoint

Programu hii wengi wanayo. Weka picha ijae kioo. Ingiza sauti kwa Insert kisha Audio, na kwenye Playback chagua ianze yenyewe na ufiche alama ya spika. Kila slaidi iwe na vitufe vitatu tu: pembetatu ya kusikiliza tena, mshale wa kuendelea, mshale wa kurudi. Kila kitufe kiwe na upana wa sentimita tatu kwa uchache, na kikae mahali palepale kwenye slaidi zote. Kukiunganisha, chagua kitufe, nenda Insert kisha Action, onyesha slaidi unayotaka. Majibu ya maswali yanaunganishwa vivyo hivyo, kila ndoo na slaidi yake.

Hatua inayofuata ndiyo wengi huiruka. Nenda Slide Show, kisha Set Up Slide Show, kisha chagua Browsed at a kiosk. Bila hiyo, kubonyeza popote kwenye kioo kunaruka slaidi, na mwenye mkono mzito atamaliza somo zima kwa nusu dakika bila kusikia chochote. Ukishaichagua, vitufe ulivyounganisha ndivyo pekee vinavyofanya kazi. Hifadhi kwa mtindo wa ppsx ili faili likifunguliwa lianze moja kwa moja. Jua pia kwamba onyesho likiachwa zaidi ya dakika tano bila kuguswa hurudi mwanzo, hivyo mapumziko yawe kati ya masomo.

Wasio na PowerPoint watumie LibreOffice Impress, ambayo ni bure. Humo uzimwe uwezo wa kubadilisha slaidi kwa kubonyeza popote kwenye kioo.

Somo la kuinua linahitaji filamu

Picha tupu haionyeshi mgongo unavyojipinda. Rekodini video ya sekunde arobaini, kamera ikiwa ubavuni, kimo cha kiuno. Mlezi mmoja aigize mzee. Wakaazi wasipigwe picha wakiwa kitandani au bafuni hata kama wameridhia, kwa sababu staha yao ni sehemu ya huduma.

Filamu ianze na salamu: "Shikamoo bibi. Nakuomba tukae kitini." Mzee anayeshtuliwa hushika shingo ya mlezi, na hapo ndipo wote wawili huanguka. Kisha kiti cha magurudumu kikaribie kitanda, breki zote mbili zifungwe, vikanyagio vikunjwe. Miguu ya mzee ikanyage chini. Walezi wawili, miguu imeachana, magoti yamekunjwa, mgongo umenyooka, mzee karibu na mwili. Wanahesabu pamoja hadi tatu ndipo wananyanyua. Hawavuti makwapa, kwani bega la mzee huteguka kwa urahisi. Kumsogeza juu kitandani, kunja shuka imara, iwe chini yake kutoka mabegani hadi nyongani, kila mlezi akunje ukingo wake karibu kabisa na mwili wa mzee, wamtelezeshe bila kumnyanyua. Asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi kuzuia vidonda vya kulalia, hivyo somo hili linatumika usiku na mchana na linastahili muda zaidi ya mengine.

Somo la sindano ni fupi, lakini lisikosee. Sindano isirudishiwe kifuniko. Boksi lake lifungwe likijaa robo tatu. Aliyechomwa aoshe kwa maji na sabuni, asikamue jeraha, amwambie msimamizi saa ileile na aende hospitali. Dawa za kuzuia VVU huanzwa ndani ya saa 72, na kila saa inayopita huzipunguzia nafasi ya kufanya kazi. Kwenye gesi, la muhimu ni kwamba harufu ikisikika swichi ya taa haiguswi, wala kuwasha wala kuzima. Valvu inafungwa, madirisha yanafunguliwa, watu wanatoka.

Mausi kwanza, usalama baadaye

Kipindi cha kwanza kisiwe na somo lolote. Tengeneza slaidi zenye picha za vikonyo vya karafuu: cha kwanza kikubwa kama kiganja, kila kinachobonyezwa kikileta kidogo zaidi. Akifikia cha sentimita tatu, mkono wake uko tayari. Bandika utepe wa kijani kwenye kitufe cha kushoto cha mausi. Kwenye mipangilio, ongeza ukubwa wa mshale na upunguze mwendo wake. Zima kigusio cha laptopu, maana kiganja kikigusa mshale unaruka. Usitumie kubonyeza mara mbili mahali popote.

Namna ya kuendesha vipindi

Dakika ishirini kwa kipindi, watu wawili kwa mashine, na wabadilishane mausi katikati. Usimweke msomaji mzuri na asiyesoma pamoja, atamjibia. Wakati mzuri ni baada ya wazee kunywa chai na kabla ya chakula cha mchana, na mwenye zamu ya usiku afundishwe mwanzoni mwa zamu, asiitwe siku yake ya mapumziko. Ramadhani vipindi vifanywe asubuhi na vipunguzwe urefu. Mkufunzi akae nyuma, asishike mausi. Akiombwa msaada aoneshe kwa kidole tu.

Kabla ya kuwafundisha wote, jaribu somo kwa watu watatu. Nyamaza na uandike mkono unaposita. Wakisita watatu mahali pamoja, slaidi ndiyo yenye kasoro.

Kufaulu kunaonekana kazini

Alama za kwenye kompyuta zisitoe cheti. Ndani ya siku tatu msimamizi akae na karatasi ya kukagua, amwombe mlezi achanganye klorini halisi kwa ndoo halisi, au amhamishe mwenzake kutoka kitandani hadi kitini. Kila hatua inatiwa tiki au kuachwa wazi. Hatua tatu haziruhusu kosa hata moja: kupima kwa kopo, kufunga breki zote mbili, na kutogusa swichi penye gesi. Anayekosa anarudia somo hilo tu, si yote sita. Ukaguzi urudiwe baada ya mwezi mmoja, kisha baada ya miezi mitatu. Ikiwa wengi hufaulu kwenye kioo na kushindwa kwenye ndoo, chunguza picha zako. Mara nyingi kopo la kwenye slaidi si lile lililoko stoo.

Na kama hatua inarukwa na kila mtu, angalia vifaa kabla ya kulaumu. Mlezi hawezi kuvaa glovu zilizofungiwa kabatini na ufunguo uko kwa aliyeondoka saa tisa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Zanzibar, Namba 8 ya 2005, inahusu sehemu za kazi kama hizi, hivyo weka kumbukumbu zinazosomeka: jina, tarehe, somo, aliyekagua, na alama ya dole gumba kwa asiyesaini. Daftari la ajali likae kando yake. Mlezi asiyeandika asimulie kwa ujumbe wa sauti na msimamizi aandike siku hiyohiyo.

Duka likileta klorini ya asilimia nyingine, simamisha somo la klorini mara moja. Fanya hesabu upya, piga picha ya chupa mpya, rekodi upya slaidi ya kwanza, ya tatu na ya nne, na ubadilishe majibu ya swali la ndoo. Kwa kuwa kila slaidi ina faili lake la sauti, kazi hiyo huisha kwa asubuhi moja. Weka somo jipya kwenye flashi zote mbili, futa la zamani kwenye kila mashine, na wakague walezi wote upya kwenye ndoo kabla dawa mpya haijaanza kutumika kazini.